Hadithi Yangu Iko Kwenye Faili Yao

Mwaka jana katika kikundi chetu cha vijana hapa Nakivale tulifanya zoezi. Kila mmoja aeleze jinsi alivyotoka nyumbani mpaka akafika kambini. Wazo lilikuwa langu, na nililiona ni zuri. Tukakaa chini ya mti, tukaanza upande wa kushoto. Wa kwanza akaeleza, wa pili akaeleza na machozi juu. Zamu ilipofika kwa kijana mmoja wa miaka 17, akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Usiogope, hapa tuko kwetu." Akanijibu kwa upole kabisa:

"Kaka, siogopi. Hadithi yangu nilishaitoa. Iko kwenye faili yao. Ukiitaka, nenda ukaisome huko."

Wenzake wakacheka. Mimi nilirudi nyumbani na lile neno kichwani, na siku nyingi halikutoka.

Kwa sababu ni kweli. Sisi wakimbizi tunaulizwa sana. Unaeleza mpakani, unaeleza kituo cha mapokezi, unaeleza kwenye usajili, unaeleza kwenye mahojiano ya kupewa hadhi. Ukiugua unaeleza tena. Mwandishi wa habari akija, mzee wa kijiji anakuja kukuita ueleze. Kila mahali mtu anaandika, na kila mahali karatasi inabaki kwa yule aliyeuliza. Na ole wako ukichanganya tarehe, utaambiwa maelezo yako yanagongana. Halafu anakuja mtu mwingine, mwenye sura nzuri na shati la shirika, anasema: njoo uongee, ukiongea utapona. Kijana akikataa, tunasema ni mkaidi.

Basi nikaamua kutafuta. Hii tiba ya kuzungumza ilitoka wapi? Nani aliianza, na kwa ajili ya nani? Na je, kuna mtu aliyewahi kumrudishia mwenye hadithi hadithi yake? Kaunsela mmoja tunayefahamiana alinisaidia kusoma makala za Kiingereza, kurasa ngumu ngumu, jioni kwa jioni. Nikakuta kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea hapa hapa Nakivale, wakati mimi bado mtoto mdogo upande wa pili wa mpaka.

Ugonjwa una majina mengi

Kwanza tuondoe wazo kwamba ugonjwa huu uliletwa na mashirika. Watu wetu walikuwa wanaujua kabla ya semina. Wanyarwanda, hasa baada ya 1994, wanasema ihahamuka: mtu anashikwa na hofu mpaka pumzi inakata, kama vile mapafu yametoka. Wasomali wana buufis, neno lililoenea sana katika kambi za Dadaab kule Kenya: ile hamu ya kwenda nchi ya mbali inayomla mtu mpaka usingizi unapotea. Sisi Wakongomani tunasema tu mtu ana mawazo mengi, au moyo unaruka ruka. Mama akisema, "Huyu mtoto ana mawazo mengi," jirani anaelewa, hahitaji daktari wa kumtafsiria.

Wazungu nao walikuwa na majina yao. Katika Vita Kuu ya kwanza, askari wa Uingereza walirudi kutoka kwenye mahandaki wakitetemeka, wengine hawawezi kusema, wengine hawaoni, na mwilini hawana jeraha. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika juu yao katika jarida la The Lancet. Walidhani ni mshindo wa mabomu umetikisa ubongo. Lakini siyo wote waliohurumiwa. Wako askari waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa kosa la woga au kukimbia vita. Serikali ya Uingereza ilikuja kuwasamehe 306 mwaka 2006, wakati wameshakaa kaburini miaka zaidi ya 80.

Vita ile ile ilipita kwetu Afrika Mashariki. Mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi sana walikufa kwa njaa na magonjwa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatoka kwa kikosi hicho cha wapagazi. Vitabu vya madaktari wa wakati ule vilijaa ndoto mbaya za askari wa Ulaya. Ndoto za mpagazi hazikuwa somo la mtu.

Jina linalotumika leo hospitalini, maradhi ya msongo baada ya kiwewe, liliingia rasmi katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na lilisukumwa sana na askari waliorudi kutoka Vietnam. Kwa hiyo ugonjwa tunaoambiwa ni wetu ulipata jina lake kutoka kwa askari. Mama aliyekimbia na mtoto mgongoni alikuja kuingia baadaye.

Chile: wanawake wawili wenye majina ya bandia

Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi la Chile, chini ya jenerali Augusto Pinochet, lilipindua serikali. Watu walikamatwa, waliteswa, wengine walipotea mpaka leo. Humo ndani ya nchi, udikteta ukiwa bado juu, wako wanasaikolojia waliowahudumia waliotoka gerezani na familia za waliopotea, wakisaidiwa na taasisi za makanisa. Wawili kati yao ni Elizabeth Lira na Eugenia Weinstein. Mwaka 1983 walichapisha makala Marekani kueleza kazi yao, lakini hawakuweka majina yao. Walijiita Cienfuegos na Monelli. Sisi tunaojua maana ya kuogopa jina lako lisomwe tunawaelewa.

Njia yao ilikuwa rahisi kueleza. Mtu anakaa na mwanasaikolojia, anasimulia yaliyompata, na kinasa sauti kinazunguka. Kisha maneno yanaandikwa kwenye karatasi. Wanakaa tena wawili, wanasoma, wanasahihisha, wanapanga. Mwisho kunakuwa na ushuhuda kamili, na mwenyewe ana nakala yake. Akitaka utumike kushtaki uovu wa serikali, ni uamuzi wake.

Fikiria tofauti hiyo. Yule mtu alikuwa ametoka kwenye chumba ambamo alilazimishwa kusema. Mtesaji alitaka majina, alitaka maneno, akaandika yeye, akaweka faili yeye. Sasa mtu huyo huyo anasema kwa hiari, kwa mwendo wake, na karatasi anaondoka nayo.

Nilipofika hapo nilimkumbuka yule kijana. Kumbe jambo alilolisema chini ya mti, watu walikuwa wamelifikiria miaka 40 iliyopita.

Kamba, mawe na maua

Njia ya Chile ilichukuliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani: Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert. Waliichanganya na njia nyingine ya zamani, ile ya kumsaidia mtu kukaribia polepole kitu kinachomtisha, akiwa na mwenzake pembeni, mpaka hofu ipungue. Wakafanya tiba fupi ambayo inaweza kufanyika hata kambini.

Inaanza na kamba. Kamba inawekwa chini, ndiyo maisha yako, kutoka siku uliyozaliwa. Kwa kila jambo zuri unaweka ua. Kwa kila jambo baya unaweka jiwe. Mwisho wa kamba unaachwa umekunjwa, kwa maana siku zinazokuja bado hazijafunguka. Halafu katika vikao vinavyofuata unasimulia kwa mpangilio, jiwe kwa jiwe, na maua pia hayarukwi. Kaunsela anaandika. Kikao kinachofuata anakusomea, unasahihisha, mnaendelea. Siku ya mwisho unasomewa maisha yako yote, na karatasi inakuwa yako.

Kwa nini isaidie? Wanaeleza hivi. Kumbukumbu iko ya aina mbili. Kuna kumbukumbu baridi: ilikuwa mwezi gani, kijiji gani, nani alikuwepo. Na kuna kumbukumbu moto: harufu ya moshi, mlio wa risasi, tumbo kukaza, jasho. Kwa mtu aliyepigwa na kiwewe hizi mbili zimeachana. Ile ya moto inawaka peke yake, haina tarehe wala mahali. Ndiyo maana mtu anasikia bati linapigwa na mvua hapa Uganda, na mwili wake uko tena Masisi. Kusimulia kwa mpangilio, bila haraka, kunairudishia ile moto mahali pake na tarehe yake. Haifutiki. Inakuwa jambo lililopita.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliijaribu Imvepi, kule West Nile, kwa wakimbizi 43 kutoka Sudan. Mwaka mmoja baadaye, waliopata tiba hii na bado wakawa na ugonjwa walikuwa 29 kwa 100. Waliopata ushauri wa kawaida walikuwa 79 kwa 100, na waliopewa elimu tu juu ya kiwewe 80 kwa 100. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Ni watu wachache, lakini iliwapa moyo.

Nakivale, watu 277

Kisha wakaja hapa. Nakivale ilikuwa tayari mzee, maana makazi haya yalianza 1958 na Wanyarwanda walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukimbilia huku. Swali lao safari hii lilikuwa kubwa zaidi: je, ni lazima awe daktari? Wakawachukua wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari wala wanasaikolojia, wakawapa mafunzo mafupi, wakawasimamia. Hao ndio waliowatibu wenzao, Wanyarwanda na Wasomali 277 waliopimwa wakakutwa na ugonjwa.

Watu waligawanywa kwa bahati nasibu. Wa kwanza walipata tiba ya kamba na simulizi. Wa pili walipata ushauri wa kiwewe ulio huru zaidi, kaunsela anaongea na mtu kulingana na shida aliyokuja nayo. Wa tatu walifuatiliwa na kupimwa tu. Walipopimwa baadaye, 70 kwa 100 wa kundi la kwanza hawakuwa tena na ugonjwa. Kundi la pili 65 kwa 100. Kundi la tatu 37 kwa 100. Matokeo yalichapishwa 2008.

Nataka tuzisome vizuri hizi namba, kwa sababu mashirika yanapenda kusoma moja tu.

Hiyo 37 inatuambia kuna watu wanaopata nafuu bila tiba yoyote. Siyo kila aliyeona vita ni mgonjwa, na mgonjwa naye siyo wa milele. Lakini wengi zaidi ya nusu walibaki walivyokuwa, kwa hiyo kusema "atazoea tu" ni kumtelekeza mtu.

Hiyo 65 iko karibu sana na 70. Kwa hiyo kamba na mawe siyo uchawi. Inawezekana kilichofanya kazi kubwa ni kwamba mtu wa kwenu, anayejua lugha yako na kambi yako, alikuja siku aliyosema atakuja, akakaa, akasikiliza, akarudi tena. Ila kuna namba nyingine pembeni: katika ushauri huru watu 21 kwa 100 waliacha katikati, na katika tiba ya simulizi waliacha 4 tu. Mimi nadhani mtu anayeona maisha yake yanaandikwa, na anajua mwisho atapewa, ana sababu ya kurudi wiki inayofuata.

Jambo hilo lilirudiwa kaskazini mwa Uganda kwa vijana 85 waliowahi kutekwa na waasi wa LRA. Waliowatibu walikuwa wenyeji waliofundishwa, tena waliwafuata vijana nyumbani kwao. Mwaka 2011 matokeo yakatoka, na waliopata tiba ya simulizi walipona zaidi ya waliopewa msaada wa masomo na ushauri wa kawaida.

Na asiyetaka kusema?

Hapa ndipo nilipopata somo langu mwenyewe.

Katika miaka ya 1980 na 1990 ilienea desturi ya kuwakusanya watu mara tu baada ya maafa na kuwafanya waeleze kila kitu kwenye kikao kimoja. Ilionekana ni huruma. Tafiti zilipokuja kufanywa, ikaonekana kikao hicho kimoja hakizuii ugonjwa, na kwa wengine kinaongeza. Siku hizi Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wa 2011, unasema mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama usalama na mahitaji. Sikiliza anayetaka kusema, usimlazimishe asiyetaka. Unganisha mtu na familia yake na huduma.

Nilipoisoma hiyo niliona aibu. Zoezi langu chini ya mti lilikuwa kosa hilo hilo. Watoto 15, kikao kimoja, mimi sina mafunzo, halafu saa kumi na moja kila mtu anarudi kwao na moto wake.

Na kuna njia ambayo haidai usimulie. Kwetu Kivu, Kusini na Kaskazini, ilifanyika kazi na wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Matokeo yalitolewa 2013. Katika baadhi ya vijiji walikaa kwa vikundi na Wakongomani waliofundishwa, na hawakutakiwa kueleza tukio. Walifanya kazi na mawazo yanayobaki baada ya tukio: ni kosa langu, mimi ni takataka, hakuna wa kuaminika tena. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mazoezi yalirahisishwa wayashike kichwani. Katika vijiji vingine wanawake walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya kumaliza, wenye dalili nzito za huzuni au wasiwasi katika vikundi walikuwa 9 kwa 100, na upande mwingine 42 kwa 100. Wote walianza wengi wao wakiwa na hali mbaya.

Tena huko Rhino Camp, wanawake 694 wa Sudan Kusini walihusika katika utafiti wa vikao vitano vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa na kufanya mazoezi ya kutuliza mwili na mawazo. Hakuna aliyeulizwa kilichompata. Ulitoka 2020, na miezi mitatu baadaye waliohudhuria walikuwa na nafuu kuliko wasiohudhuria.

Kwa hiyo kuna mlango wa kusimulia na kuna mlango wa kutosimulia. Yote miwili inatibu. Kinachotakiwa ni mwenye hadithi achague mlango, na akichagua kusimulia, hadithi irudi mkononi mwake.

Ninachoomba

Kwa wafanyakazi wa mashirika: msituletee mahojiano mkayaita tiba. Mkituuliza, tuambieni kwanza karatasi inakwenda wapi. Historia ya Nakivale inaonyesha kwamba mkimbizi aliyefundishwa na kusimamiwa anaweza kumtibu mwenzake. Basi tufundisheni, na usimamizi usiishe projekti inapoisha, kwa sababu mtu aliyefunguliwa jiwe la pili akaachwa hapo ameachwa mahali pabaya. Na msisahau mwongozo wa mashirika ya kimataifa wa 2007 ulichora huduma kama piramidi, na chini kabisa ni usalama, chakula na mahitaji ya msingi. Posho ikikatwa, kaunsela anaongea na tumbo.

Kwa wakubwa na wazazi wetu hapa kambini: mtoto anayeruka usiku hana mapepo kila mara, na siyo mwoga. Mpelekeni kituo cha afya, waulizeni juu ya kaunsela. Maombi yaendelee, hayagombani na tiba.

Na kwa vijana wenzangu: ukiulizwa na mtu yeyote, pamoja na mimi, una haki ya kusema "leo hapana".

Yule kijana nilimfuata nikamwomba msamaha. Alisema hakuna shida, kaka. Nikamweleza habari za Chile na za kamba. Alisikiliza, halafu akaniuliza swali moja tu: je, na yeye anaweza kupata nakala ya ile faili yake, aione walivyoiandika? Nikamwambia sijui, twende tukaulize. Tulienda pamoja. Walituambia turudi, na tumesharudi mara mbili. Jumatatu tunarudi tena.